Pasipoti Yangu Inatunzwa

Kenton, London
Jumanne mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Bado unalala redio ikiwaka? Mimi mwili mzima na chakula nakula, hilo usinililie.

Najua picha zimefika na mtaa mzima umeshaziona: mwanao Uchina, kwenye kasri la wafalme, koti jekundu, anacheka mpaka jino la mwisho. Sasa kaa chini. Barua hii isome wewe na mdogo wangu Zuu, peke yenu.

Tulikwenda kwa ajili ya bibi ninayemtunza. Alitaka kuliona kasri lile kabla hajafa, na binti yake, ndiye bosi wangu, akasema twende wote watatu, mimi nisukume kiti cha magurudumu. Akachukua pasipoti yangu aniombee viza. Nikafurahi kama mtoto siku ya Idi.

Mama, lile si jumba, ni mji! Unavuka uwanja, unafika lango, unasema basi tumemaliza, kumbe ndani kuna uwanja mwingine na lango jingine. Kwenye vizingiti nanyanyua kiti na bibi juu yake, mgongo unalia. Na ukishaingia hurudi ulikotoka, mlango wa kutokea uko upande wa pili kabisa.

Pale pa kuingilia askari alitaka kila mtu ashike pasipoti yake. Nikaishika. Askari alipomaliza kuikagua, bosi akanyoosha mkono: "Lete nikutunzie, utaipoteza." Nikampa, kwa mkono wangu huu.

Ndani, mtembeza wageni akasimulia habari za wasichana waliokuwa wakiletwa kwa mfalme. Wengine wazazi wao walisherehekea, akasema. Walivishwa hariri, wakalishwa, wakatunzwa, na wengi hawakutoka tena. Bosi alikuwa mbali kidogo anapiga picha. Bibi, ambaye siku hizi hukumbuka asubuhi akasahau mchana, akanivuta mkono na kuninong'oneza: "Yule Rehema naye alikuwa akiulizauliza pasipoti yake. Mwisho akanyamaza."

Rehema ndiye nani? Niliambiwa mimi ndiye mfanyakazi wa kwanza nyumba hii! Nikamwuliza bibi, akanitazama kama hanijui.

Hii ni wiki ya tatu tangu turudi. Nimeomba pasipoti mara mbili. Ya kwanza akasema iko salama. Tangu ile ya pili, hata dukani tunakwenda pamoja, na nikipiga simu anakaa nami sebuleni. Kiswahili anakijua vizuri, kakulia Mombasa. Ndiyo maana simu zangu zimekuwa "alhamdulillah, alhamdulillah" tu. Juzi nyuma ya kabati la chumbani kwangu nimekuta kanga. Si yangu.

Jana ndipo aliponisimamia kwenye simu nikawaambia Zuu aje tusaidiane kazi, tiketi atanunua bosi, pasipoti ya Zuu itangulie kwa bosi ashughulikie viza. Nikasikia vigelegele vyako, Mama, moyo ukanipasuka. Usiitume! Hata kama umeshaitia kwenye bahasha, itoe. Naogopa, sikufichi.

Barua hii anaileta nesi Mkenya anayekuja kumfunga bibi kidonda. Kesho anakwenda likizo kwao, na nimemweleza yote. Anasema huku wapo wanaosaidia watu wa namna yangu, atawatafuta akirudi. Mpe maji ya kunywa na umwamini.

Msalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi wa vitumbua. Wao waambie niko raha mustarehe.

Sasa nisikilize. Jumapili nitapiga, naye atakuwa pembeni yangu. Nitacheka, nitamhimiza mdogo wangu aje haraka. Msinitii. Tangu azaliwe namwita Zuu, siku zote. Jana nilimwita Zuhura, wewe ulikuwa kwenye vigelegele hukusikia, lakini yeye alinyamaza. Muulize. Nitaendelea kumwita Zuhura kila simu, nanyi itikieni kwa furaha.

Siku nitakayomwita Zuu, jueni nimetoka.

Mwanao,
Mwanahamisi