Koti la Gicheru, Mjini Torino

Ijumaa, 12 Januari 1979

Torino! Nimefika. Mimi Ngatia wa Mweiga, Nyeri, darasa la nne sikumaliza, nimeshuka ndege na kofia kichwani kama D.C., mkuu wa wilaya. Naandika Kiswahili makusudi. Mke wangu Wachuka anajua kusoma Gikuyu tu, akifungua daftari hili ataona giza.

Parokia ya huku hutuma nguo misheni kwetu kila mwaka. Sasa wamealika mmoja wa kamati. Mwenyekiti wa kugawa nguo ni nani? Mimi. Tena niliwapikia mapadre miaka ishirini, Kiitaliano cha jikoni niko nacho.

Baridi ya hapa ina meno. Lakini koti langu! Refu, jeusi, kola ya manyoya. Lilitoka kwa mitumba yao wenyewe mwaka juzi. Nguo elfu moja, nani atakumbuka moja? Na mpishi huonja kwanza — hiyo ni sheria hata mbinguni.

Jumamosi, 13 Januari

Padre Muriithi, kijana wa Kiganjo anayesoma huku, amenizungusha mji kwa tramu. Ni gari moshi lisilo na moshi, linapita katikati ya barabara likipiga kengele. Ukipanda unalisha tikiti kwa kisanduku, kinaiuma — krak! Nililisha yangu mara tatu nisikie kinavyouma. Padre akasema, "Mzee, utatufungisha."

Mto wao, Po, ni mkubwa lakini umenyamaza kama mlevi aliyelala. Chania yetu ni ndogo, lakini ina maneno.

Mama mmoja wa viatu virefu alinitazama juu hadi chini. Nikainua kofia. Padre akasema macho yangu yana miaka ishirini. Nikamwambia ndiyo, miguu ndiyo ilitangulia kuzaliwa.

Jumapili, 14 Januari

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa mjane mmoja, Signora Ernesta, alisimama mbele yangu. Hakusalimu. Alishika kola, akanifungua koti mbele ya watu, akatafuta mfuko wa ndani. Uzi mwekundu, herufi mbili. Alizishona yeye. Koti lilikuwa la marehemu mumewe, Aldo, dereva wa tramu.

Nikangoja kofi. Akalia, akacheka, akamwambia Padre neno. Padre akanigeukia: "Anauliza kama mzee Gicheru amekuazima."

Gicheru! Ile barua ya kuwashukuru watu wa parokia hii kwa nguo niliitunga mimi: koti jeusi tumempa mzee Gicheru wa Endarasha, haoni, nyumba yake inapitisha upepo wa mlima. Nilitaka jina moja zuri la kujaza karatasi.

Nikasema ndiyo. Ameniazima.

Jumanne, 16 Januari

Ernesta amenihamishia kwake, hakutaka kusikia hapana. Leo tumepanda tramu namba kumi na tano, njia ya Aldo, mwanzo hadi mwisho. Dereva alimjua marehemu. Kituoni aliacha kiti chake, akaja, akashika mkono wa koti — si wangu, wa koti — akavua kofia. Abiria wakaambiwa habari yote. Mwanamke mmoja akasimama ili nikae.

Ernesta ameandika jina la Gicheru kwa karatasi, ameliweka nyuma ya picha ya Aldo. Anamwombea kila jioni. Akaniuliza kama bado anasikia baridi.

Nikasema hasikii baridi tena.

Alipiga makofi kwa furaha. Afadhali angenipiga mimi.

Alhamisi, 18 Januari

Niseme hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kusikia. Gicheru alikufa Julai. Kifua. Bintiye Watiri alikuja misheni Mei, akaja tena Juni, ukungu umekaa siku nzima, akiuliza kama kumebaki kitu kizito cha baba yake. Nikamwambia, "Mtumba umeisha, mama. Ngoja wa Krismasi." Na koti liko kwangu, limetundikwa kwa msumari!

Tena mazishini nililivaa. Kulikuwa na manyunyu. Watiri alinisalimu kwa jina la mwanangu, vidole vyake vikakaa kwa kitambaa. "Asante kwa kuja, Baba Theuri. Hili ni zito." Basi.

Leo sikupanda tramu.

Jumamosi, 20 Januari

Ernesta anafuma sweta ya Gicheru. Alinizungushia utepe kifuani — Gicheru ni mnene kama mimi? Nikasema ni mwembamba. Akapunguza vidole viwili, akasema kidogo tu, maana mtu akipata joto hunenepa. Na kesho kanisani ati nisimame niwape watu habari za Gicheru.

Nikatoroka kwa Padre Muriithi, nikamwambia yote. Hakunikemea. Hiyo ni mbaya zaidi. Nikamwomba kesho anitafsirie. Akasema, "Hapana, mzee. Miaka ishirini uliomba chumvi na kuni kwa Kiitaliano. Hili nalo utalisema mwenyewe."

Amenifundisha kusema "nilichukua mimi." Neno la kufa nalijua. Jikoni tulilitumia kwa kuku.

Jumapili, 21 Januari

Kituo cha tramu, saa mbili asubuhi. Theluji. Vidole vimekufa ganzi, penseli inateleza. Niko na sweta yangu ya Nyeri tu. Koti nimelikunja vizuri, nimeliacha kitandani kwa Ernesta, nikatoka polepole kama mwizi. Kama!

Nataka anikute kanisani, mbele, bila koti, maneno yakiwa tayari mdomoni. Nikianza kumwambia nyumbani, kwa meza yake, ataniwekea chai na nitanyamaza. Najijua.

Dirisha la Ernesta limefunguka. "Signor Ngatia!" Watu wa kituoni wanamtazama yeye, halafu mimi.

Sasa yuko mlangoni. Anavuka barabara na slipa, theluji miguuni, amekumbatia koti kama mtoto. Anapaza sauti: nitakufa na baridi, nitakufa, na yeye atamwambia Gicheru nini?

Tramu inapiga kengele pale kwa kona. Ni ya kumi na tano.

Amefika. Anahema. Amelifungua koti, amelishikilia nyuma yangu, anangoja niingize mkono. Mkono wenyewe bado unaandika