Suti ya Uzi wa Kahawia

Dar es Salaam, 8 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na cherehani yako hapo Lemara, Arusha. Nimeanza mafunzo kazini. Kampuni hii inaweka mtaji kwenye biashara changa, na mimi nasoma maombi ya wenye biashara. Bosi wangu Lydia ananifundisha kwamba mtu akiandika kila kitu kiko sawa, hapo ndipo pa kuuliza. Nikakumbuka wateja wako wanaoapa hawajanenepa.

Tarehe 16 Agosti nitasimama mbele ya wakubwa kueleza biashara moja ya maziwa ya Ngaramtoni. Nishonee suti nyeusi, baba. Nataka kuvaa ya kwako, siyo ya dukani. Halafu mbona mistari ya barua yako ya mwisho inapanda juu kama ya mtoto wa chekechea?

Mwanao,
Irine

Lemara, 20 Julai 2024

Irine mama,

Marahaba. Mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu. Barua ile niliiandikia gotini, ndiyo maana.

Suti nitashona. Vipimo vyako ninavyo kichwani tangu sare ya darasa la kwanza. Enzi hizo ulikaa chini ya meza ya kukatia ukinitungia uzi kwenye sindano. Mama yako alikuwa ameshatutoka, na mimi kulea sikujua, nilijua kushona tu. Siku hizi sindano zina matundu madogo sana, viwanda vimeharibika. Usinicheke.

Baba yako

Dar es Salaam, 17 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Suti ilifika na basi Alhamisi. Nimeumia sana. Kitambaa cheusi, uzi wa kahawia, na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Niliijaribu ofisini, mwenzangu akauliza kama ndiyo fasheni ya Arusha, wote wakacheka. Nikaazima koti la mtu. Kazi yangu ulimpa nani? Ningekuwa mteja wa kawaida ungenifanyia hivi?

Irine

Lemara, 25 Agosti 2024

Irine mama,

Nisamehe. Nilimpa fundi mpya, bado anajifunza. Sikukagua, kosa ni langu. Hapa wote wazima.

Baba yako

Irine, ni mimi Fransiska, nauza vitambaa kibaraza cha jirani. Barua hii nimeandika mimi, yeye akitaja maneno, ila haya ya chini hayajui. Hakuna fundi mpya. Jicho la kushoto limekufa tangu Pasaka, la kulia linaona mwanga tu. Daktari anasema ni presha ya macho, na kwamba angewahi wangeizuia. Alinikataza kukwambia, eti utaacha kazi. Suti ameshona wiki tatu kwa kupapasa. Uzi mweusi huuweka mezani, mwisho kulia, ili aujue kwa mkono. Siku aliyoanza kuishona nilifagia nikazihamisha nyuzi. Barua zako namsomea mimi. Hii ya mwisho aliomba niirudie.

Dar es Salaam, 2 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hali sikuulizi, utasema mzima. Miezi miwili nasoma barua za watu nisiowajua natafuta walichoficha, na za baba yangu nikaziamini. Naona aibu.

Leo nimevaa suti yako ofisini. Mkono mrefu nimeukunja. Lydia aliuliza fundi ni nani, nikasema ni baba, nikalia mbele yake. Ameniruhusu, nafika Alhamisi.

Dada Fransiska, hapa msomee polepole. Baba, nitakaa pale chini ya meza nikutungie uzi, hata kama hakuna cha kushona.

Mwanao,
Irine