Nyuso Nane, Bila Cheti

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Kaseti ya programu imekataa kuingia kwenye kompyuta mara mbili, ya tatu imekubali. Dakika tano za mlio. Chai imepoa. Nimesafisha kichwa cha rekoda kwa spiriti, kazi ambayo ningepaswa kuifanya jana.

Umbo linazunguka kwenye kioo, lakini linakokota miguu. Nimehesabu: picha mbili kwa sekunde. Unaona kila uso ukijazwa, kama unamtazama mpaka rangi ukutani. Haitoshi.

Niandike ya Ijumaa kabla hasira haijapoa nayo. Chuo cha kompyuta kule mjini, ghorofa ya tatu, kinatafuta mwalimu wa kufundisha jinsi mashine inavyochora mistari na maumbo. Nikaenda. Mkuu wa chuo, Bwana Mutiso, akataka cheti. Sina. Cheti changu cha ualimu wa hesabu kilibaki kwenye mtoto wa meza Unguja, miaka arubaini iliyopita, tulipotoka na nguo za mwilini. Chuo kilichonipa hakipo tena. Nimeandika barua nne. Miaka ishirini na sita niliyowachorea wahandisi ramani za mabomba hapa Nairobi haikunipa karatasi. Ilinipa macho mabaya.

Nikamwambia nitamwonyesha. Ninayo kompyuta ndogo ya vibonye vya mpira, ambayo wahandisi waliitupa walipopata kubwa. Nitaifanya izungushe umbo la nyuso nane, zimejazwa, mbele ya macho yake. Akacheka kwa adabu. Akasema mashine ile ni ya kuwekwa makumbusho. Halafu akasema nije Ijumaa tarehe 13, saa nane mchana, na nikiweza, darasa ni langu.

Nadhani alisema hivyo ili niondoke. Mimi nimeyachukua maneno kama yalivyosemwa.

Jumanne, 3 Agosti

Stima hakuna, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mtaa wetu wa Satellite mzima. Nimefanya kazi kwa penseli.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeufukuza mgawanyo kwenye programu. Mashine hii haijui kuzidisha wala kugawanya. Ukiilazimisha inajumlisha na kutoa mara nyingi mpaka ifike, na huko ndiko muda unakopotelea. Mstari hauhitaji hayo. Unakwenda nukta moja kulia, unajumlisha kimo kwenye baki. Baki likivuka upana, unashuka nukta moja na kuutoa upana. Basi. Kujumlisha na kutoa, mpaka ncha ya pili. Ofisini nilikuwa nikifanya vivyo hivyo kwa mkono bila kujua kwamba nafanya hesabu.

Picha tano kwa sekunde.

Televisheni, ambayo ndiyo kioo cha kompyuta yangu, imeanza kutetemeka, kwa hiyo nimeipeleka mjini kwa Bwana Harjit. Huyu ni fundi wa redio, tunajuana miaka ishirini, na hajawahi kunitengenezea kitu bila kunitania. Nilichukua na kompyuta ili tuijaribu. Alilitazama umbo likizunguka, kilemba kimemshukia karibu na nyusi, akafikiri sana, kisha akasema, “Dada, hii ni sambusa mbili zimeshikana mgongo.”

Nilikasirika. Baadaye, njiani, nilicheka. Ni sambusa mbili kweli.

Jumamosi, 7 Agosti

Leo ni kujaza. Mashine ina mahali inapoweka mambo yake ya muda, moja juu ya jingine, kwa kasi kuliko njia yake nyingine yoyote. Nimeihadaa. Nimepaelekeza mahali hapo kwenye kioo. Sasa inadhani inaweka kumbukumbu, kumbe inapaka nukta kumi na sita kwa mpigo mmoja.

Asubuhi ilinilipa kwa hadaa yangu. Mara hamsini kwa sekunde mashine huacha kila kitu ikatazame kama kuna kibonye kimebonyezwa, na mimi nilisahau kuikataza. Ilikwenda kutazama, ikarudi, haikujua ilikuwa wapi. Kioo kikajaa takataka, kisha kikawa cheupe. Saa tatu za kazi zimepotea, na sikuwa nimezirekodi kwenye kaseti. Kosa la mjinga.

Nimeandika upya. Ya pili ni fupi kuliko ya kwanza.

Picha tisa kwa sekunde. Nilimwita jirani aje aone, kisha nikaona haya, nikamwambia nilitaka chumvi.

Jumanne, 10 Agosti

Televisheni imepona. Bwana Harjit ana wazo, na si zuri.

Kuna mtu mjini anayetengeneza vyeti. Kwa siku moja. Mhuri, sahihi, karatasi iliyokaushwa kwa majani ya chai ionekane ya zamani. Harjit amesema sitakuwa nadanganya, maana cheti nilikuwa nacho kweli. Ni kama kuchapisha picha iliyopotea. Alisema kwa upole. Anaona ninavyopanda ngazi kwa shida.

Nimekunywa soda yake yote nikilifikiria jambo hili. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana mtu: nililifikiria. Nilijiuliza hata tarehe gani ingeandikwa.

Kisha nikamwambia hapana. Kile cheti kilikuwa changu. Kitakachochapwa kitakuwa cha yule mtu. Mutiso alisema nikionyesha umbo darasa ni langu, na umbo nitamwonyesha. Sitaingia pale kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyeiba kazi yake mwenyewe.

Harjit amesema mimi ni kichwa kigumu. Amejitolea kunibebea televisheni Ijumaa.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimenakili programu kwenye kaseti tatu. Nimepiga pasi gauni la kijivu. Sina la kuandika.

Ijumaa, 13 Agosti

Lifti mbovu. Harjit alibeba televisheni hadi ghorofa ya tatu akihesabu vidato kwa sauti, ili nijue.

Walikuwa wawili: Bwana Mutiso, na mwalimu wao wa programu, Madam Akinyi, mama wa miaka arubaini hivi, miwani imefungwa kwa kamba. Aliketi na daftari magotini. Kaseti ilipoanza kulia Mutiso alitazama saa. Dakika tano ni ndefu mbele ya watu. Sikuomba radhi.

Umbo likatokea. Likazunguka. Nyuso nane, nyeupe, kijivu, kijivu zaidi. Picha tisa kwa sekunde kwenye mashine ya makumbusho. Mutiso alisogeza kiti. Akasema, “Aisee.” Akapiga makofi, Harjit akapiga, hata mtu aliyekuwa akipita na faili alisimama mlangoni.

Ndipo nilipoziona. Nyumbani nakaa mbali na kioo, na macho yangu ni haya. Pale, dirisha lilikuwa nyuma yangu, mwanga mzuri, nimesimama karibu. Kwenye ukingo, pale uso mmoja unapokutana na mwingine, nukta nyeusi. Sita, saba. Zinakuja na kutoweka umbo likigeuka. Nyuso hazikufungana. Umbo langu lilikuwa linavuja.

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Ningeweza kuzima. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi.

Nikasema kazi haiko sawa. Nikawaonyesha kwa kidole. Mutiso akasema ni sawa tu, mama, tumeona, inatosha. Nikasema haitoshi, na kwamba nahitaji muda niirekebishe. Akaacha kutabasamu. Alichosema nakiandika kama kilivyo, kwa sababu kilikuwa na haki:

“Mama, cheti huna. Sasa mwenyewe unasema kazi si sawa. Kwa ripoti niandike nini?”

Nilisema nitairudisha Jumatatu ikiwa nzima. Akasema ratiba ya muhula inakwenda kuchapwa Jumatatu saa nne asubuhi, na baada ya hapo hana la kunifanyia. Madam Akinyi aliandika kitu kwenye daftari lake. Hakuinua kichwa.

Kwenye ngazi Harjit hakutania hata mara moja. Hilo liliniumiza kuliko Mutiso.

Sijutii. Naandika mara ya pili ili nijisikie nikisema. Sijutii.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimechora kila uso peke yake. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Nane zote nzima, hakuna nukta iliyokosekana. Nikiziweka pamoja, zinavuja.

Nimekagua jedwali la safu za kioo, linaloiambia mashine kila safu inaanzia wapi. Sahihi. Nimekagua kujaza. Sahihi. Nimekagua mstari mara nne. Sahihi.

Basi kila kitu ni sahihi na umbo limevunjika. Nimetupa penseli. Nimeiokota.

Jumapili, 15 Agosti

Nimelipata kosa saa tano asubuhi, watu wakitoka kanisani.

Nilichukua karatasi mbili za kuchorea ramani, zile nyepesi zinazopitisha mwanga. Kwenye ya kwanza nikauchora ukingo kwa miraba, kama mashine inavyofanya, kutoka juu kwenda chini. Kwenye ya pili nikauchora ukingo uleule kutoka chini kwenda juu. Nikazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha. Miraba haikulingana. Ncha zilezile, urefu uleule, na mahali saba mistari ilipita miraba tofauti.

Ni hivi. Mstari ukiangukia nusu kamili kati ya miraba miwili, mashine lazima ichague mmoja. Ikitokea juu huchagua wa kulia. Ikitokea chini huchagua wa kushoto. Haikosei. Inafuata sheria niliyoipa. Nami, ili ijue uso upi unatutazama na upi umegeuka, huzitaja pembe za kila uso kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo ukingo ambao nyuso mbili zinaushiriki hupitwa mara mbili: uso huu unapita ukishuka, uso ule unapita ukipanda. Kati ya kushuka na kupanda ndimo zilimokaa nukta zangu nyeusi.

Dawa: kabla ya kuchora, linganisha ncha mbili, na uanze na iliyo juu. Siku zote. Maagizo sita. Kasi haikupungua.

Ninajua mtu angeweza kutoa mafunzo hapa, kuhusu safari na marejeo. Nimepewa mafunzo ya namna hiyo bure kwa miaka arubaini, na watu ambao hawajahama hata mtaa. Hii ni hesabu. Ilikuwa na kosa, nimelirekebisha.

Nimekaa nusu saa nikitazama umbo likizunguka bila nukta nyeusi hata moja. Zima. Zima kabisa.

Jumatatu, 16 Agosti

Saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni mwa chuo. Harjit na televisheni nyuma yangu, anahema, anahesabu tena vidato. Nimefurahi.

Mutiso hakuwa amefika. Madam Akinyi ndiye aliyetufungulia. Alingoja kaseti bila kutazama saa. Umbo lilipotokea alivua miwani, akaweka pua karibu na kioo kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu, akakaa hivyo mzunguko baada ya mzunguko. Kisha akaniuliza kosa lilikuwa nini. Nikamweleza ncha ya juu na ncha ya chini. Akafunga macho akiufuata ukingo kwa kidole hewani. Akasema, “Ijumaa niliziona zile nukta. Nilikuwa nangoja nione kama utanyamaza.”

Nilimwuliza kwa nini yeye alinyamaza. Akasema kazi haikuwa yake. Sikulipenda jibu hilo, na bado silipendi. Nikamwambia. Akakubali kwa kichwa, hakununa.

Mutiso alifika saa nne kasorobo. Akinyi akamwambia kwamba mama huyu afundishe. Mutiso akaafiki, lakini akawa na mpango: kwenye ratiba jina liwe la Madam Akinyi, kwa sababu ya wakaguzi, mimi nifundishe tu, mshahara ni uleule. Alidhani ananisaidia.

Nikasema ama jina langu, ama nibebe televisheni yangu. Harjit akaichomoa waya ukutani papo hapo, bila kuulizwa. Akinyi akasema jina lake litolewe kwa vyovyote, hawezi kufundisha kitu alichokijua saa moja iliyopita. Mutiso akatutazama sisi watatu, akaiacha ratiba iende kuchapwa na nafasi tupu mbele ya somo langu. Alisema ataona baadaye.

Nimengoja mpaka ilipobandikwa ubaoni, saa tisa. Nimetoa kalamu yangu ya ramani. Nimeandika Zuhura binti Salim kwenye nafasi ile, kwa herufi zilezile za ramani za mabomba, zimesimama wima, hakuna inayoigusa nyingine. Mutiso alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Hiyo itafutika?”

“Ni wino wa ramani. Haifutiki.”

Kisha akaenda kujibu simu.

Jumatatu, 6 Septemba

Wanafunzi tisa. Mashine ni moja, kwa hiyo nimewagawia karatasi za miraba na penseli, wachore mstari kwa kujumlisha na kutoa. Walinung'unika, kisha wakainamia karatasi. Mvua kidogo nje.

Wengi walimaliza upesi. Nilipita, nikatia alama za vyema. Mmoja, mama anayefanya kazi benki, aliyekuja na viatu vya ofisi, nilikuwa nimeshampita na kumtia vyema pia. Akaniita. Akaweka ncha ya penseli kwenye mraba wa kumi na moja, akasema, “Mwalimu, hapa nimekosea.”

Nilivaa miwani. Kweli, amekosea. Mimi sikuwa nimeona.

Nimevuta kiti nikakaa karibu naye.