Mara Ngapi Umegeuka Ubavu

Jumanne, Garsen

Eti Garsen hakuna anayeota vibaya. Jillo ndiye aliyeniambia leo, walipokuja yeye na mwanafunzi mwenzake Halima dukani kwangu kutoa kopi za fomu yao ya utafiti wa usingizi. Mwalimu anautaka mpango kesho, la sivyo wabadilishe mada.

"Mzee, tumejaribu kwa majirani. Wote ndoto nzuri tupu! Watu wanalala raha."

Garsen hii hii? Nikamgeukia Halima. "Bibi yako akiota vibaya, humsimulia nani?"

"Hasimulii mtu, ndoto mbaya haisimuliwi. Anatema mate kushoto, anageukia ubavu wa pili, basi." Kisha akashika mdomo.

Nikawaambia wawaachie watu ndoto zao. Waulize tu wamegeuka ubavu hivyo mara ngapi wiki hii. Wakafurahi, wakafuta swali la zamani, wakaanza na mimi.

"Mara moja," nikajibu upesi.

Kwa kweli ni mara nne. Zote namwota mwanangu, aliyehamisha ng'ombe kufuata malisho, na simu yake haipatikani.

Kesho niwawahi kabla hawajafika kwa mwalimu. Swali nimewapa mimi, na wa kwanza kulijibu uongo ni mimi.