Jumamosi Wanakuja Kunitoa Ghalani

Mkiwa, Singida

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Presha inaendeleaje, na mvua za Tukuyu zimekuacha upumue kidogo? Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu unalia, na ukilia mimi nashindwa kuongea.

Kaka Gwamaka alinipigia jana. "Mdogo wangu, funga begi. Jumamosi tunakuja na watu wa maombi. Mama kasema umefungwa na watu wabaya, na hilo halina mjadala." Nikaanza kujieleza, akakata simu. Jamani! Nina mvi, mama, na bado nachukuliwa kama gunia.

Najua inavyoonekana. Ile kampuni ya mafuta kule Dar ilipunguza watu, nami nikapunguzwa, nikaja huku kubeba alizeti nipate pa kujishikiza. Baadaye wakaniita nirudi, cheo kilekile, gari lilelile, nikakataa. Nani mwenye akili zake anakataa? Hata mimi sina jibu la kukutosha.

Ila ngoja nikusimulie. Alizeti ikiingia ghalani na unyevu hupata joto ndani kwa ndani, inaoza huku gunia kwa nje linapendeza. Kwa hiyo kila asubuhi tunafungua midomo ya magunia na kuzamisha mkono hadi kiwiko. Wiki iliyopita nikakuta joto kwenye magunia ya bibi mmoja mjane wa Ikungi. Nikapiga kelele, wote wakaacha kazi, tukayamwaga nje juani kwenye turubai. Mama Salma, anayeshona magunia, akanicheka: "Leo bosi wa Dar umelia kama umeibiwa!"

Mengine tuliyawahi, mengi yalishaoza. Bibi alipofika alikaa chini tu, akawa anazishika zile mbegu mbovu. Niliumia, mama, niliumia kweli. Kule ofisini nilisaini makaratasi miaka na miaka, na sikumbuki hata siku moja niliyoumia kwa ajili ya mtu. Sasa hilo nalielezaje mbele ya kaka?

Sitagombana nanyi. Jumamosi nitapanda gari. Nitapiga magoti sebuleni kwako, waniwekee mikono, niitikie amina. Kukukatalia wewe siwezi, sijawahi kuweza.

Nisalimie shangazi na maparachichi yake pale sokoni, na mke wa kaka, mwambie chai yake naikumbuka. Msalimie pia mjomba, mzee wa kanisa, maana najua ndiye atakayeongoza maombi.

Ombi langu ni moja tu, mama. Hao wengine waombe nirudi ofisini hadi sauti ziwakauke. Wewe siku hiyo nyamaza. Wewe Mungu huwa anakusikiliza.

Mwanao anayekupenda,
Ambokile