Ruta Iko Pale Alipoitia Mama

Mama Derick,

Nimewahi gari la Biharamulo, nitarudi Jumamosi. Maharage nimeyafunika jikoni. Mbuzi sijamnywesha, nisamehe.

Ruta ya hapa nyumbani usiizime, ndiyo inayopeleka intaneti kwa Babu ng'ambo ya bonde. Ndiyo, imefika! Juzi ulinicheka nilipofunga zile ruta kuukuu mbili, moja kwake, nyingine katikati ya migomba. Haya, ulikuwa sahihi, mtandao uliishia kwenye migomba. Niliihamisha mara tatu, simu mkononi, kama anayetafuta kuku aliyepotea.

Leo asubuhi Babu alichoka kunitazama. Akasema, "Ipeleke kwenye kichuguu, pale alipokuwa akisimama marehemu mama yako kutuita tukale." Unajua enzi hizo hapa kwetu palikuwa shamba, na sauti yake ilitukuta huku huku tukilima. Nikaipeleka na sola yake. Ikashika papo hapo. Nilikaa pale kidogo, Mama Derick. Nyumba zote mbili zinaonekana.

Saa kumi dada Jovitha atampigia Babu kwa video kutoka Mwanza, amwonyeshe mtoto. Nenda ukamshikie simu, yeye huielekeza darini.

~~Nikirudi nitaitafutia ruta nguzo nzuri.~~ Iache hapo hapo kichuguuni.

Na jioni chakula kikiiva, usimpigie Babu simu. Toka nje hadi kichuguuni umwite kwa sauti. Ameniuliza kama kwetu bado kuna mtu anayejua kuita.

Baba Derick