Papa, Nyimbo ya Nne Ingali Inaruka

Kwako Papa, huko uliko,

Ni mie Chance, mutoto wako wa kwanza, kijana muzuri kuliko wote wa mutaa yetu ya Cimpunda. Usikatae. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema nimekamata sura yako.

Unakumbuka ile CD? Ile mukubwa wako wa kazi kule Muhumba alikuachia wakati alikuwa anarudi kwao. Ku picha yake: muzee wa kizungu, kofia kubwa, gitaa, farasi nyuma yake. Juu wameandika "Best of". Ukaniuliza maana. Mie mwenye kufika mpaka quatrième ya sekondari, nikakujibu bila kutikisika: "Papa, ni kusema nyimbo zake zote za kupendwa wameziweka mu sahani moja."

Ukatingisha kichwa: "Na zile za kutopendwa wamezitupa wapi? Maskini."

Kila Jumapili, siku ya Mungu, tukishatoka misa, ulikuwa unaiweka mu radio, sauti mpaka mwisho. Avenue nzima ilijua muziki wa wachunga ngombe kwa nguvu, hakuna aliyeulizwa. "Papa Chance, huyu muzungu analilia nini?" jirani waliita toka ng'ambo ya ukuta. "Ngombe wake amepotea," unawajibu, na Bashi wote, watu wa kupenda ngombe, wanamuhurumia.

Kisha ukaiosha na ile chuma ya kusugulia sufuria, eti iko na vumbi. Toka pale, nyimbo ya nne inafika katikati, inakwama, inanyamaza kidogo, halafu inaruka mbele. Mutu mwingine angeitupa. Wewe ulisimama, ukafungua mikono kuelekea jikoni, ukaimba mu ile shimo: "Maman Chance, kuya tucheze!"

Na Maman, mwiko mukononi: "Zima ile kilio yako, sombe inaungua!"

Lakini alikuwa anakuja. Kila mara alikuwa anakuja.

Tangu tulikuzika, muziki haikulia kwetu. Unajua desturi: nyumba ya mufiwa inanyamaza mpaka siku ya kutoa matanga. Papa, hamu ya kukuona ilikuwa na sauti kuliko ile radio. Siku ya Mungu, kisha misa, kila mutu anakaa mu salon anaangalia ile kona ya radio, kama vile utatokea kubonyeza.

Jumamosi iliyopita tumetoa matanga. Nikasema: nyimbo ya kwanza kulia hapa ni ya Papa. Dieume, mutoto wa tonton, ndugu yako, akacheka: "Ile CD ya kuchoka? Nimeitoa ku internet, iko safi." Akanisikilizisha nyimbo ya nne ku telefone. Kweli ilikuwa safi. Muzungu anaimba toka mwanzo mpaka mwisho, hapumui. Ndipo nikaona: pale ulikuwa unaimba wewe, anaimba yeye. Hakuna kwenye utapita. Nikamurudishia telefone yake.

Nikajisifu mbele ya wote: "CD ndiyo italia, na pale pa Papa nitaimba mie. Sauti yake niko nayo." Nilivaa veste yako, ile koti ya misa. Mabega iko mukubwa kidogo, lakini nilitoka bien, nilipendeza, bamaman walipiga makofi. Nyimbo ya nne ikafika katikati. Ikakwama. Ikanyamaza. Nikafungua kinywa, hakuna kitu kilitoka. Mie, mwenye mudomo kuliko Kadutu nzima!

Sauti ikatoka mulangoni mwa jikoni. Maman, nguo nyeusi ameshavua, kitenge mupya, mwiko mukononi:

"Papa Chance, kuya tucheze!"

Muziki ikaruka mbele. Hakuna mutu alisogea. Akabakia amesimama vile, mikono wazi.

Nikaenda mie, Papa. Ananikanyaga, namukanyaga. Akanisemea ku sikio: "Baba yako alikuwa anacheza vizuri kuliko wewe." Kwa mara ya kwanza sikubisha.

CD nimeirudisha mahali pake. Dieume anasema iko dawa ya kutoa mikwaruzo. Nimemuonya: akiigusa, nitamukwaruza yeye. Ile shimo ni yako, tunakuchungia.

Lala pole pole, muzee.

Mie, mutoto wako mwenye sura yako. Miguu ya kucheza tu ndiyo ulienda nayo.